Jaketi la Mzee Chengula na Samli ya Ubaruku

Nyie mliobaki kwenye meza ya ngozi, asanteni kwa kitenge cha kuniaga, na asanteni kwa ile keki mliyokosea jina langu. Nimeila hivyo hivyo. Mliniomba niandike historia ya kazi, nikawaambia mimi si mtu wa historia, mkaning'ang'ania. Haya, nimekaa. Msitafute humu nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Vyeo vyenyewe ni vya kutafuta kwa tochi, na mshahara ulikuwa ukija unapita. Nitawaambia habari za jaketi za ngozi, kwa sababu ndizo nilizowaachia, na kwa sababu kila nikiwaona mnazipulizia ile dawa ya kopo halafu mnazifuta haraka haraka mkatazame simu, moyo unaniuma.

Mimi kwetu Tukuyu. Nilikuja Iringa mwanzoni mwa miaka ya sabini kumfuata dada yangu aliyeolewa Mlandege, na shemeji akanipeleka kwa dobi mmoja wa pale pale mtaani aliyetafuta msichana wa kupiga pasi. Mbele kulikuwa na kaunta, katikati chumba cha pasi, na nyuma kabisa chumba kidogo chenye dirisha moja na meza ndefu. Humo alikaa Mzee Luhanga, Mhehe mmoja mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea viatu. Ujanani alitengeneza matandiko ya farasi kwenye mashamba ya Wazungu. Wazungu walipoondoka na farasi wao, yeye akabaki na ujuzi wa ngozi usio na farasi, ndipo dobi akamchukua.

Nilihamishiwa kwake kwa sababu ya mdomo wangu. Mteja alilalamika kwamba shati lake limebana kwa ajili ya pasi yangu, nikamwambia pasi hainenepeshi mtu. Mwenye duka akasema, "Huyu asikae mbele. Mpelekeni nyuma kwa mzee, kule hakuna wa kumtukana." Niliona ni adhabu. Leo nikikumbuka namshukuru yule mteja na tumbo lake.

Siku ya kwanza Mzee Luhanga hakunipa brashi wala kitambaa. Alinipa jaketi jeusi la dereva wa lori.

"Nusa," akasema.

"Ninuse nini, mzee?"

"Jaketi, Atu. Sikusema uninuse mimi."

Nikanusa. Nikamwambia linanuka moshi. Akasema moshi wa nini? Nikanusa tena: moshi wa kuni, na jasho, na chini yake kitu kama dizeli. Akaniambia nigeuze mifuko nje, nitoe vumbi na mabaki ya tumbaku, nitazame kwapani na kwenye kola, nipitishe kidole kwenye mishono. Mpaka saa ya chakula cha mchana nilikuwa nimenusa na kupapasa kila jaketi la mle chumbani, na sijafuta hata moja. Jioni dada akaniuliza nimejifunza nini, nikamwambia nimejifunza kuwa wanaume hawaogi.

Kufuta nilianza baadaye. Njia ilikuwa rahisi, na ni ile ile ninayoitaka mpaka leo, nyumbani kwako au kazini. Vumbi kwanza, kwa brashi laini na kavu. Halafu unakwangua sabuni ya kipande kwenye maji ya uvuguvugu, unachovya kitambaa, unakikamua mpaka hakidondoshi hata tone. Unajaribu mahali pasipoonekana, ndani ya pindo, uone kama rangi inatoka. Haikutoka, unafuta taratibu kwa mwendo mmoja, si kuzungusha kama unasugua sufuria. Kitambaa cha pili chenye maji matupu kinafuata kuondoa sabuni. Kisha jaketi linatundikwa kwenye henga nene, ya kwetu tuliizungushia matambara ili mabega yasifanye pembe, na linakaa kivulini panapopita upepo. Si juani. Si karibu na jiko. Likishakauka lenyewe ndipo unalipaka mafuta, kidogo sana, kwa flaneli.

Watu wa Nyanda za Juu hapo kwenye jiko ndipo tunapoponzwa. Baridi yetu mnaijua. Mtu amenyeshewa toka Makambako, anafika kwake, jambo la kwanza ni kulitandaza jaketi juu ya jiko la mkaa, na yeye mwenyewe anakaa pembeni anakunywa chai na kulitazama likifuka mvuke. Asubuhi anamletea Mzee Luhanga likiwa limejikunja kama ubanzi wa muhogo. Na zama hizo barabara ya Zambia ilikuwa na malori mchana kutwa, na kila dereva na jaketi lake. Kuna waliosafisha kwa petroli. Kuna waliopaka dawa ya viatu, wakaja kulalamika kwamba mashati yamekuwa meusi na wake zao hawataki kuelewa. Mzee Luhanga hakumgombeza hata mmoja. Alikuwa akisema tu, "Pole, acha hapa," na mteja akitoka ananigeukia, "Haya Atu, sema sasa." Basi nasema, na yeye anacheka mpaka miwani inateleza.

Mafuta yake ndiyo yalikuwa siri iliyojulikana na kila mtu. Alikuwa na urafiki na mama mmoja muuza makongoro sokoni. Miguu ya ng'ombe ikichemka, kabla chumvi haijatiwa, mafuta yanaelea juu. Mzee anayachota, anayachuja kwa kitambaa, anayaacha yatulie, anayachuja tena mpaka yanakuwa meupe ya njano hivi, mepesi. Mafuta ya mguu wa ng'ombe hayagandi ovyo kwa baridi wala hayaozi upesi ukiyachuja vizuri. Nilimuuliza kwa nini, akasema ng'ombe anakanyaga umande kila alfajiri, mafuta ya miguu yangekuwa yanaganda angefikaje malishoni? Sijui wataalamu wanasemaje. Mimi ngozi zimenikubalia. Jaketi la kuvalia mvua aliliongezea nta ya nyuki kidogo, iliyoyeyushwa humo humo. Sabuni ilipoadimika mwishoni mwa miaka ile, tukawa tunakwangua vipande vidogo kama tunagawa dawa, mafuta ya makongoro hayakutupungukia hata siku moja, na supu tulikuwa tunaipata hapo hapo.

Sasa niwaeleze kazi iliyonifundisha kuliko zote.

Ilikuwa Juni, mwezi ambao Iringa watu wanasalimiana mikono iko kwapani. Aliingia kijana mrefu, Msukuma, amebeba gunia la mpunga begani. Akamwamkia mzee, akanisalimia, akafungua gunia na kutoa jaketi la kahawia, akaliweka mezani. Jaketi likasimama. Nasema likasimama lenyewe, mikono imenyooka mbele. Nyuma yake akaingia paka wa duka la jirani, hakuitwa na mtu, akakaa chini ya meza akitazama juu.

"Kaka," nikamwambia, "umeleta nguo, au na mwenyewe yumo ndani?"

Hakucheka. Alikuwa na uso wa mtu aliyetoka mazikoni. Mzee Luhanga akamsogezea stuli, akasema, "Kaa, mwanangu. Anza mwanzo."

Jina lake Masanja. Wazazi wake walitoka Shinyanga na ng'ombe wao, wakafikia bonde la Usangu, sasa walikuwa wanafuga na kulima mpunga Ubaruku. Baba alishafariki, amebaki mama na baba mdogo. Pale Ubaruku akaletwa mwalimu wa kike kutoka Iringa, Neema, binti wa Mzee Chengula, mzee wa kanisa la Kilutheri aliyewahi kuendesha malori tangu barabara ni tope tupu. Masanja na Neema wakapendana. Masanja akaja Iringa kujitambulisha, masika hayajaisha. Wajomba wa Neema hawakumpokea vizuri. Walisema waziwazi kwamba watu wa kuhamahama na ng'ombe hawajui kutunza kitu, leo wako hapa kesho wameshaondoka. Mzee Chengula mwenyewe alinyamaza muda wote. Lakini Masanja alipokuwa anapanda lori la Chimala la kumrudisha kwao, na baridi imeshuka, mzee akavua jaketi lake la ngozi, ambalo hata wanawe wa kuzaa hakuwahi kuwaazima, akamvisha. Akasema, "Utanirudishia siku utakayokuja na wazazi wako."

"Na mnakuja lini?" nikauliza.

"Jumapili hii, dada."

Leo yenyewe ilikuwa Jumanne. Nikakaa.

Njiani mvua ilimkuta, jaketi likapata tope. Mama yake akaona haiwezekani kitu cha mkwe kurudi kichafu. Akalipeleka mferejini, akalifua kwa sabuni na kulisugua kama blanketi, akalianika juu ya bati, juani. Likakauka likawa gumu. Ndipo akatoa kibuyu cha samli, akalipaka samli ndani na nje, akarudia, akarudia tena, kama wanavyolainisha ngozi kwao. Samli ikaingia mpaka kwenye bitana, ikachacha.

"Mama yako amekuharibia posa," nikamwambia.

"Atu," akasema Mzee Luhanga. Hilo tu, lakini nikafunga mdomo.

Masanja akainama. "Nimewaza niseme limeibiwa. Kwenye basi. Watu si wanaibiwa?"

"Wanaibiwa," mzee akasema. "Mimi kazi yangu ngozi. Uongo utafute fundi mwingine. Ukiniachia jaketi, nitajitahidi, na Jumapili utamwambia mwenyewe lilivyopata kuwa hivi. Ukitaka kusema limeibiwa, lirudishe kwenye gunia uende nalo."

Kijana alilishika gunia, akaliachia. Paka akamlamba kidole. Mwisho akasema, "Naliacha."

Tulifumua bitana yote, tukaifua peke yake, tukaianika uani. Ngozi tukaitandaza mezani, tukasaga chaki za shule zikawa unga, tukaumwaga juu yake. Unga wa chaki unanyonya mafuta. Asubuhi ulikuwa umegeuka rangi ya ugali wa mahindi ya njano, tukaupangusa kwa brashi, tukaweka mwingine. Tulifanya hivyo mpaka unga ukatoka karibu mweupe. Kisha kitambaa cha sabuni, kitambaa cha maji, henga, upepo, na mfuko wa mkaa ukining'inia ndani yake kunyonya harufu. Halafu mafuta ya makongoro, kidogo kidogo, kama unamnywesha mgonjwa uji.

Harufu ilipungua. Rangi ikaanza kurudi. Lakini mgongoni na viwikoni jaketi lilibaki gumu. Jua la kwenye bati lilikuwa limelipika. Mzee Luhanga vidole vyake vilishaanza kugoma kwenye baridi, na mimi nilikanda mpaka viganja vikatoka malengelenge, bila mafanikio. Ijumaa jioni nilimwambia, "Mzee, hili limekufa." Akasema, "Bado," lakini nilimsikia hana uhakika.

Jumamosi mapema, hatujamaliza kufungua, wakaingia Masanja, baba yake mdogo, na mwanamke mmoja mfupi, mweusi tii, amejifunga kaniki. Walikuwa wamelala kwa ndugu yao stendi. Nilijua ni nani. Na mimi, tangu Jumanne, nilikuwa nimemwandalia maneno yake, nimeyapanga vizuri.

Hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye jaketi, akaligusa mgongoni kwa kidole kimoja.

"Nimeiua?" akauliza.

"Bado kidogo, mama," Mzee Luhanga akasema, akamsalimia kwa Kihehe. "Kamwene. Karibu ukae."

"Mimi nimepaka samli nzuri," akasema, kama mtu anayejitetea barazani. "Siyo ya kupikia. Ng'ombe wetu wengine walikufa njiani tunatoka Shinyanga. Mmoja tu wa maziwa amefika, na miguu yake, mpaka Usangu. Hii samli ni ya huyo. Sipaki kitu cha mtu hivi hivi. Nimepaka kwa sababu ni ya mkwe."

Yale maneno niliyoandaa nikayameza yote.

Mzee Luhanga akavua miwani, akaifuta. "Mama, huko kwenu mkishapaka, mnafanya nini?"

Alikaa chini sakafuni, akanyosha miguu, akalichukua jaketi akaliweka mapajani. Akalikunja ngozi kwa ngozi, akaanza kulifikicha kwa kisigino cha kiganja, mahali padogo kama sarafu, anasukuma na kuvuta, halafu anasogea nusu ya kidole, anaanza tena. Hakutumia nguvu. Mimi nilikuwa natumia nguvu kama natwanga. Baada ya muda kile kipande alichokipitia kililegea, na mstari mweupe wa ukavu ukafutika.

"Atu," mzee akasema, sauti imebadilika, "kaa chini. Tazama mikono ya huyu mama. Mikono ni ya fundi. Mafuta tu ndiyo hayakuwa ya jaketi."

Nikakaa. Tulifanya kazi siku nzima, yeye mgongoni, mimi viwikoni, mzee akitutilia mafuta ya makongoro kwa flaneli na kuimba nyimbo za kanisani kwa chini. Yule mama alinirekebisha mikono mara nyingi kwa Kisukuma, nami nilimwitikia kwa Kinyakyusa, na hatukupotezana. Mchana tulikula ugali na maharage hapo hapo sakafuni. Masanja alikuja kuchungulia, mama yake akamfukuza kwa kaniki.

Hivyo nyie mnaouliza kwa nini jaketi gumu nalilainishia magotini badala ya mezani, ndiyo hivyo. Mzee Luhanga alinifundisha kunusa, kufuta na kungoja. Kufikicha nilifundishwa na Mama Masanja wa Ubaruku, kwa Jumamosi moja, bure, na kumenilisha miaka yote hiyo, Iringa na baadaye Mbeya. Sikuwahi kumshukuru vya kutosha. Namshukuru hapa.

Jioni tukashona bitana. Jaketi likawa jaketi. Halikuwa kama lilivyoondoka kwa mwenyewe. Mgongoni palibaki doa jeusi kubwa, na ukiinama karibu na kola bado unapata harufu ya samli kwa mbali. Mzee Luhanga akaniambia nilipeleke mimi, mikononi kwenye henga, kwa sababu Masanja angelikunja kwa woga.

Jumapili baada ya ibada tukaingia sebuleni kwa Mzee Chengula. Wajomba walikaa upande mmoja, mikono vifuani. Mshenga wa akina Masanja akaanza maneno yake ya heshima, Mzee Chengula akamkatiza kwa mkono, mpole tu, akasema, "Kwanza jaketi langu."

Nikasimama, nikamkabidhi. Aligeuza mgongoni, akaliona doa. Akalileta puani. Mjomba mmoja akaguna na kusema, "Si tulisema?" Masanja akasimama, akafungua kinywa. Mama yake akamvuta shati akakaa.

"Mimi ndiye, baba," akasema. "Mtoto hana kosa. Lilipata tope, nikalifua na maji, nikalianika kwenye bati, nikalipaka samli. Hawa mafundi ndo wameliponya."

Mzee Chengula alipitisha kiganja mgongoni mwa jaketi, pale penye doa, akarudisha, akapitisha tena. Palikuwa laini.

"Mama," akasema, "kabla ya kupaka, ulimuuliza nani?"

"Sikuuliza mtu. Nilipaka kizuri nilichonacho."

"Naona. Sasa unataka nikupe binti yangu. Yeye naye utampaka samli?"

Wajomba wakacheka. Mama Masanja hakucheka. Alimtazama mzee usoni, jambo ambalo wakwe hawafanyi.

"Jaketi halina mdomo, baba," akasema. "Huyo anao. Huyo nitamuuliza."

Mzee Chengula akasimama, akavaa jaketi lake na harufu yake ya samli, akafunga zipu mpaka shingoni. Kisha akageukia mlango wa jikoni na kuita kwa sauti kubwa:

"Neema! Njoo huku mwanangu. Unaulizwa."